Naomba ushauri: nataka ofisi ya jimbo ikaguliwe mapema, nianzie wapi?

Wakuu, habari zenu. Naishi Texas. Kuna ofisi moja ya leseni (jina naliacha) imenizungusha miezi saba kwa karatasi ileile. Jamaa mmoja kazini akaniambia kuhusu Tume ya Sunset, ile inayokagua taasisi za jimbo na kupendekeza ziendelee au zivunjwe: ina wajumbe 12, yaani maseneta 5, wawakilishi 5 na raia wawili. Taasisi nyingi za jimbo zimewekewa tarehe ya kufa kisheria, kwa kawaida kila miaka 12. Bunge lisipopitisha muswada wa kuiongezea uhai, taasisi inavunjwa. Utaratibu huo upo tangu 1977. Kwetu nani angethubutu!

Nilipokwama ni hapa: ratiba imo ndani ya sheria, lakini wabunge wanaweza kuibadilisha na taasisi ikakaguliwa mapema kuliko ilivyopangwa. Sasa malalamiko yangu niyapeleke kwa mbunge wangu, au kwa watumishi wa tume wanaoandaa ripoti? Kikao cha kawaida cha Bunge hakizidi siku 140, tena mara moja tu kila miaka miwili, kwa hiyo sitaki kuchelewa.

Aliyewahi kutoa maoni mbele ya tume anielekeze. Kiingereza cha kuandika ninacho, cha kusimama mbele ya maseneta ndiyo kasheshe.