Mjadala: Omega Ultra Deep ya mita 6000 ni chombo cha mzamiaji au ni namba tu?

Kasa wa Pemba (mwenye mada)
Wakuu, tuijadili saa hii bila ushabiki wa chapa. Omega walitoa Seamaster Planet Ocean Ultra Deep Machi 2022: kipenyo mm 45.5, unene mm 18.12, kina mita 6000, bei zaidi ya dola 10,000. Novemba mwaka huohuo Rolex wakajibu kwa Deepsea Challenge: titani, mm 50, mita 11,000, na kioo peke yake kina unene wa mm 9.5. Huku mzamiaji wa burudani mwisho wake ni mita 40. Hoja yangu ni kwamba namba hizi hazimpi mzamiaji chochote na zinamnyang'anya wepesi. Saa ya mita 200 inamtosha na chenji inabaki. Anayepinga aje na hesabu.

Fundi Oringi
Hesabu hii hapa. Kila mita 10 za maji huongeza takriban bari 1 (kipimo cha presha), kwa hiyo mita 6000 ni kama bari 600, yaani karibu kilo 600 kwa kila sentimita ya mraba. Chukua kioo chenye kipenyo cha mm 30: eneo lake ni sentimita za mraba 7 na kidogo, basi mzigo unapita tani 4. Tena ISO 6425, kanuni ya saa za wazamiaji, inataka kila saa ipimwe moja moja kwa asilimia 25 juu ya kina kilichoandikwa. Hapo ni mita 7500. Ule unene wa mm 18 umetokana na mzigo huo, si mbwembwe.

Ila hata mimi naona mita 6000 hazimsaidii mteja, kwa sababu ambayo Kasa hakuigusa. Saa nyingi haziingii maji kilindini, zinaingia maji kwenye bwawa na bafuni. Oringi, ile pete ya mpira ya kuzibia maji, ni kitu cha ajabu: maji yakisukuma kwa nguvu yanaikandamiza kwenye mfereji wake na inaziba zaidi. Presha ikiwa ndogo, oringi iliyokauka au iliyobonyea inaacha upenyo, na unywele mmoja uliolala juu yake unatosha kupitisha unyevu. Saa zinazokuja na ukungu ndani ya kioo mara nyingi zina historia moja kati ya hizi: kifundo cha pembeni cha kurekebishia saa hakikukazwa mpaka mwisho, oringi hazikuguswa miaka saba, au mwenyewe anaoga nayo maji ya moto na sabuni. Ukipandisha kina kutoka mita 300 hadi 6000 hujatibu hata moja.

Nahodha K
Fundi, hapo umewaonea. Kuna vitu saa hii imevipata kwa sababu ya kulenga kina. Mwaka 2019 saa zake za majaribio zilishuka na nyambizi ya mvumbuzi Victor Vescovo kwenye shimo la Mariana, kina kirefu kuliko vyote baharini, karibu mita 10,925. Mbili zilifungwa kwenye mkono wa nyambizi, moja kwenye chombo kilichotangulizwa chini, na hicho kikakwama huko zaidi ya siku mbili. Muundo wa kukalisha kioo kwenye bodi (ganda la saa) ulitokana na madirisha ya nyambizi yenyewe, mzigo unagawanywa pande zote badala ya kuegemea ukingo mmoja. Na toleo la titani halina zile pini za springi za kushikia mkanda. Masikio ya kushikia mkanda yamefuliwa pamoja na bodi, mkanda wa kitambaa unapita chini moja kwa moja. Aliyewahi kuona saa ikizama kwa sababu ya pini ya shilingi mia tano anajua thamani ya hilo.

Kasa wa Pemba
Pini nakubali. Lakini mkanda wa kitambaa unaopita chini unapata kwenye saa yoyote, na pini moja ikikatika ya pili inashika. Haihitaji mita 6000.

Mama Wimbi
Jamani, mbona hamzungumzii heli? Planet Ocean za zamani zilikuwa na valvu ya kutolea gesi ya heli, hii ya mita 6000 haina. Rolex wameibakiza kwenye Deepsea Challenge. Nani yuko sahihi?

Fundi Oringi
Dada, hilo ndilo swali tamu. Valvu ile haihusiani na kuwa majini. Inahusu mafundi wa mabomba ya mafuta wanaokaa siku au majuma ndani ya chumba cha presha, wakivuta mchanganyiko wenye heli. Atomu za heli ni ndogo mno, zinapenya taratibu kwenye oringi hadi ndani ya saa. Mle chumbani hakuna tatizo, presha ni sawa ndani na nje. Balaa ni wakati wa kushusha presha ya chumba: heli iliyonaswa haitoki upesi, ndani panakuwa na nguvu kuliko nje, kioo kinaruka. Rolex na Doxa walilitatua miaka ya 1960 kwa valvu ya njia moja inayofunguka yenyewe tofauti ya presha ikizidi.

Njia ya pili ni kuizuia heli isiingie, au kujenga bodi itakayostahimili presha ya ndani. Seiko walifanya hivyo mwaka 1975 kwa saa yao ya titani ya mita 600 yenye oringi ya umbo la L, na Omega wameelekea huko na Ultra Deep. Kwangu hii ndiyo kazi safi zaidi. Valvu ni tundu la ziada, na kila tundu lina oringi yake ya kuzeeka. Mzamiaji wa Mnemba akivuta hewa ya kawaida au nitroksi (hewa iliyoongezwa oksijeni), heli ataitoa wapi?

Nahodha K
Tundu hilo limekaa kwenye saa nyingi miongo mitano na saa hazijajaa maji. Umekuza.

Fundi Oringi
Sijasema zimejaa maji. Nimesema ni kitu cha kuhudumia kisicho na kazi mkononi mwa mwenye saa.

Mwanafunzi wa Mbizi
Samahanini wakubwa. Kama nina kompyuta ya kuzamia, ile ya mkononi inayosoma kina na muda, saa ya mishale inanisaidia nini hasa?

Mama Wimbi
Mdogo wangu, ikiwa peke yake haikusaidii chochote, na hapa ndipo wapenzi wa saa wanajidanganya. Muda bila kina ni nusu ya habari. Ukiitaka iwe akiba, beba vitu vitatu: saa, geji ya kina ya mshale, na jedwali la plastiki linaloonyesha muda wa kukaa kila kina. Kabla ya kushuka, zungusha ringi ya juu mpaka pembetatu ikutane na mshale wa dakika. Kwenye jedwali la PADI (shirika la mafunzo ya kuzamia) la hewa ya kawaida, mita 18 zina kikomo cha dakika 56, mita 30 dakika 20. Ringi inazunguka upande mmoja tu, kwa hiyo ikigongwa itaonyesha umekaa muda mrefu zaidi na utapanda mapema. Ukifika mita 5, iweke upya uhesabu dakika 3 za kusimama kwa usalama kabla ya kutoka.

Kompyuta ikizima katikati ya mbizi, usijifanye shujaa wa jedwali kama ulikuwa unapanda na kushuka kina tofauti. Panda polepole, simama mita 5, toka, na usirudi majini siku hiyo. Wengi hushauri saa 24.

Kwa matumizi haya ninachokitaka kwenye saa ni ringi inayoshikika kwa glavu, mshale wa dakika unaong'aa rangi yake, na mkanda unaorefuka. Omega rangi wamepatia: mshale wa dakika na nukta ya ringi ni kijani, vingine bluu. Unene sasa. Mm 18 juu ya mkono wenye suti ya mm 3 unanasa kwenye kamba za jaketi la kuzamia kila unapolivua.

Kasa wa Pemba
Asante dada. Hilo la kunasa ndilo nilikuwa nalo.

Chuma cha Pua
Mnasahau mashine ya ndani. Kaliba 8912, yaani mashine yenyewe, ina cheti cha METAS (taasisi ya vipimo ya Uswisi), inavumilia sumaku ya gausi 15,000, inakaa saa 60 bila kuvaliwa. Na ukivuta kifundo hatua ya kwanza, mshale wa saa unaruka peke yake bila kusimamisha dakika, raha kwa msafiri.

Fundi Oringi
Raha, ndiyo, ila kila unapofungua kifundo unakula nyuzi zake za kukazia na oringi. Fanya hivyo mahali pakavu, kisha kaza mpaka kigome bila kulazimisha.

Nahodha K
Sawa, tuseme mtu kaamua kuinunua. Atajuaje bado inazuia maji baada ya miaka mitano?

Fundi Oringi
Kipimo rahisi cha nyumbani kinatokana na kanuni ileile ya ISO 6425. Iweke saa juu ya kitu chenye joto la nyuzi 40 hadi 45, dakika 10 hadi 20. Dondoshea kioo tone la maji ya nyuzi 18 hadi 25, subiri dakika moja, futa kwa kitambaa kikavu. Ukungu ukionekana upande wa ndani, unyevu umeshaingia, usiivae majini. Usipoonekana, umejua tu kwamba leo ndani ni pakavu, oringi hujazipima.

Oringi zinapimwa kwa hewa: chumba kinajazwa presha, mashine inasoma bodi inavyobonyea kwa sehemu ndogo za milimita. Bodi nzito ya Ultra Deep inabonyea kidogo mno, kwa hiyo kipimo kinahitaji utulivu na muda. Mashine nyingi za mafundi wa mitaani zinaishia bari 10. Ikishafunguliwa kifuniko cha nyuma hapa mjini, ile mita 6000 hakuna atakayeithibitisha tena mpaka irudi kwa wenye vyombo vyao. Kwa mita 100 nitakupa karatasi yenye mhuri.