Tupeane uzoefu: gari ikigoma kwa umeme, za kisasa na zile za zamani

Wakuu habari za muda huu. Naomba tuweke hapa visa vya kweli vya gari kusumbua kwa sababu ya umeme, iwe hizi zenye kontroli boksi (kompyuta ndogo za gari) kila kona au zile za kabureta na dizeli za zamani. Sema dalili zilikuwaje, mafundi walisema nini na mwisho ugonjwa ulikuwa nini hasa. Watu wanakamuliwa hela kwenye masensa wakati tatizo ni waya tu, na inaniuma sana.

Naanza mimi. Gari yetu ya nyumbani, ya Kijapani ya 2008, asubuhi moja nawasha hivi dashibodi yote imewaka, taa ya ABS ya breki, usukani, injini, na gia imeng'ang'ania namba moja haibadiliki. Ikachomekwa mashine ya kusoma hitilafu ikatoa kodi kibao, yaani namba za makosa, nyingi zinaanza na U, maana yake boksi moja linalalamika halimsikii mwenzake. Fundi wa kwanza akaniandikia sensa kadhaa na boksi la ABS, jumla yake unapata bodaboda. Nikaipeleka kwa mzee mmoja wa umeme pale Ilala, yeye mashine hata hakuigusa. Akashika multimita, kile kipimo cha umeme, waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye chuma cha injini, akasema piga stata. Ikasoma volti mbili na ushee, akasema hapo haikutakiwa ifike hata nusu volti. Akainama akavuta ule waya wa kusuka wa ethi, yaani wa kurudishia umeme kwenye hasi, unaotoka kwenye injini kwenda bodi, ukamkatikia mkononi, umeliwa na kutu pale unapofungwa boliti. Akafunga mpya, akapiga msasa bati mpaka likang'aa, akafuta kodi, na mpaka leo haijarudia. Sensa zote zile zilikuwa nzima, zilikuwa zinapata umeme mbovu tu.

Dereva wa Porini: Mkuu nimekusoma, ila mimi mniachie Land Cruiser yangu yenye injini ya zamani ya dizeli, 1HZ. Tunatoka Mpanda kwenda Inyonga altaneta, ile inayochaji betri, ikafa njiani, kijiji cha karibu hakionekani. Ile injini ikishawaka inataka umeme wa kitu kimoja tu, ile solenoidi ndogo kwenye pampu inayofungulia mafuta, basi tukazima redio na feni, tukatembea mchana bila taa na hatukuthubutu kuzima injini hata tuliposimama kula, tukafika. Safari nyingine waya wa hiyo solenoidi ulikatika, gari ikazima ghafla. Tukavuta waya kutoka chanya ya betri moja kwa moja mpaka pale ikaunguruma, ukitaka kuzima unachomoa. Hizi za kisasa pampu, nozeli, vyote vinasubiri ruhusa ya kontroli boksi, umeme ukipungua unalala hapohapo.

Mzee wa 504: Kijana usiwadanganye wenzio kwamba za zamani zilikuwa raha tu. Nimeendesha Peugeot 504 miaka mingi, gari ya heshima, ilishinda Safari Rally 1975, lakini masika ikifika kifuniko cha distribyuta, ile inayogawa moto kwenye plagi, kinapata unyevu, gari inakohoa na kukataa kuwaka, unafungua unafuta kwa kitambaa kikavu kila asubuhi. Platini za humo ndani, zinazokata na kuunga umeme, zinaungua, unasugua na msasa, unapima uwazi na fila geji, ukikosea kidogo inakosa nguvu mlimani. Hizi za leo nyingi kila plagi ina koili yake, mvua inanyesha unapita zako. Ninachokumbuka kwa upendo ni kwamba waya ulikuwa unaufuata kwa macho, mwanzo mpaka mwisho, swichi, fyuzi, taa, umemaliza. Iliharibika mara nyingi na ikapona haraka.

Binti Machame: Mimi yangu ilikuwa inaamka betri imekufa. Nikauziwa betri mpya, nayo ikafa vilevile. Fundi wa pili akapima umeme unaovuja gari ikiwa imezimwa, lakini kitu alichonifundisha ni kusubiri, kwa sababu ukishafunga milango maboksi hayalali hapohapo, nyingine zinachukua hata nusu saa na zaidi, ukipima mapema utaona ampia kubwa ukadhani ndiyo tatizo. Zikishalala isizidi kama miliampia 50. Yangu ilikuwa inakula karibu nusu ampia. Hakuchomoa fyuzi hovyo kwa sababu ukichomoa na kurudisha unaamsha maboksi upya, alipima volti juu ya mgongo wa kila fyuzi, ile iliyoonyesha milivolti ndiyo inayopitisha umeme. Akaifuata mpaka kwenye traka, kile kifaa cha kuonyesha gari iko wapi, niliyofungiwa na watu wa nje, wameunga waya kienyeji nyuma ya redio. Kuichomoa tu, betri ikatulia.

Fundi Waya Tanga: Dada huyo fundi wako anajua kazi, mtunze. Wakuu, hizi gari maboksi yanaongea kwa nyaya mbili zilizosokotana zinaitwa CAN, Bosch ndio walizitoa 1986. Zima gari, toa betri, pima ohm kati ya pini 6 na pini 14 kwenye soketi ya mashine, gari nyingi utapata 60. Ukikuta 120 kuna upande mmoja umekatika, ukikuta karibu na sifuri nyaya zimegusana au kuna boksi limekufa linavuta wenzake. Ililetwa hapa gari mashine haiingii kabisa, nikapata ohm 3. Nikawa nachomoa boksi moja moja huku macho yangu yakiwa kwenye mita, nilipofika la chini ya kapeti la abiria ikaruka mpaka 60. Kapeti limelowa, pini za soketi zimeota ule ukungu wa kijani. Chumvi ya huku pwani haina huruma. Na tafadhalini msitumie taa ya kupimia ya balbu kwenye nyaya za kontroli boksi, inavuta umeme mwingi, unaweza kuliunguza.

Kijana wa Uyole: Shikamoo fundi. Mimi nina multimita ya bei rahisi tu, nianzie wapi kabla sijaenda kwa mtu wa mashine?

Fundi Waya Tanga: Marahaba mdogo wangu, inatosha kabisa hiyo. Betri iliyopumzika usiku isome kama volti 12.6, ukipiga stata isishuke chini ya 9.6 hivi, ikishawaka iwe kati ya 13.8 na 14.4. Ila gari mpya nyingine kontroli boksi lenyewe linapunguza chaji, kwahiyo ukikuta 12.8 usikimbilie kununua altaneta, washa taa kubwa na feni uone kama inapanda. Isipopanda, au ikipanda na taa za dashibodi bado zimewaka, pima ile ethi kama mleta mada alivyofanyiwa, halafu urudi hapa na namba zako.