Projekti ya saikolojia ya forensiki nikiwa Nakuru, nianzie wapi?

Msomi_Njoro
Habari zenu wadau. Niko mwaka wa tatu saikolojia huku Nakuru na projekti inatakikana kabla semista iishe. Nilikuwa nimepanga kwenda gereza la Naivasha niongee na wafungwa wa kesi za mauaji, supavaiza akaniambia hicho kibali nitakipata nikiwa nishamaliza shule. Sasa nimekwama. Sababu ya kupenda hii forensiki, yaani saikolojia ya mambo ya polisi na koti, niwaambie tu ukweli, binamu yangu alikaa rumande miezi saba juu mama mmoja alisema alimuona usiku kwa duka lililovunjwa, alafu mwishowe ikajulikana hakuwa hata karibu na huo mtaa. Na yule mama hakuwa mwongo, alikuwa na uhakika kabisa, alilia akitoa ushahidi. Hiyo kitu haijawahi nitoka kichwani. Nisaidieni.

Nyar_Kano
Pole sana mdogo wangu, wewe na binamu yako. Nafundisha hii kozi huku Kisumu na kila mwaka darasa huja likitaka kusoma akili ya muuaji, wakati sehemu kubwa ya kazi yenyewe ni mashahidi, watoto walioumizwa, mtu kama anaelewa mashtaka yake ama haelewi. Swali lako ushaliandika tayari, ni huyo mama.

Anza na Elizabeth Loftus na John Palmer, 1974, Marekani. Walionyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari wakawauliza yalikuwa spidi gani, wakibadilisha kitenzi kimoja tu. Walioulizwa kwa kitenzi kikali zaidi ("smashed") walisema zaidi kidogo ya maili 40 kwa saa, wa kitenzi kipole kabisa ("contacted") kama 32. Baadaye wakarudia na wanafunzi wengine 150, wakawaita baada ya wiki moja na kuwauliza kama waliona vioo vimevunjika. Kwa filamu hakukuwa na kioo chochote. Kati ya 50 wa kitenzi kikali 16 walisema waliona, kati ya 50 wa kitenzi cha kawaida ("hit") ni 7, na wale 50 ambao hawakuulizwa spidi kabisa ni 6.

Sasa fikiria Kiswahili. Yaligusana, yaligongana, yalivaana, yalipondana. Hiyo ni projekti tosha na hauhitaji mfungwa hata mmoja, unahitaji darasa, video fupi na karatasi.

Afande_Mstaafu
Mulembe. Niko Kakamega, nimeandika steitimenti miaka mingi sana kabla nistaafu na kuna kitu inaniuma mpaka leo. Shahidi anaongea lugha ya kwao, mimi naandika Kiingereza, namsomea kwa Kiswahili anaweka sahihi. Mzee anasema "alikuwa anafanana na yule kijana wa fulani", kalamu yangu inaandika kwamba amemtambua. Sikuwa na nia mbaya, ndivyo tulivyozoea kuandika. Kotini wanasoma yale maneno yangu, si yake.

Paredi ya utambulisho nayo iko na masharti mazuri tu. Mshukiwa anawekwa kati ya watu wasiopungua 8 wa umri, kimo na sura zinazokaribiana, na anayeiendesha asiwe yule mpelelezi wa kesi. Shahidi aambiwe huyo mtu anaweza kuwa hapo ama asiwe, akimjua anamgusa. Hiyo sentensi ya "ama asiwe" ndiyo rahisi kurukwa mkiwa na haraka. Kijana, chunguza hiyo sentensi.

Wakili_Milimani_Nax
Naongezea kidogo kwa upande wa sheria. Mahakama zetu zimejua hili zamani, tafuta kesi ya Abdalla bin Wendo ya 1953, ile ya shahidi mmoja na mazingira magumu ya kuona, mpaka leo inatajwa. Na kabla uguse mtu yeyote hakikisha una barua ya kamati ya maadili ya chuo na kibali cha NACOSTI, ile tume ya serikali inayotoa vibali vya utafiti, usije ukakusanya data alafu ikakataliwa.

Msomi_Njoro
Asanteni sana, nimesoma haya yote mara mbili mbili. Afande, asante zaidi kwa kusema hivyo wazi. Nimeamua nitumie video ya ajali ndogo kwa raundabauti, hakuna aliyeumia, vikundi viwili, kimoja "yaligusana" na kingine "yalivaana", alafu baada ya wiki naita wote na kuwauliza "uliiona ile taa iliyovunjika?" Iko sawa madam?

Nyar_Kano
Vitenzi viko sawa. Hilo swali la mwisho libadilishe. Loftus na Zanni 1975 walionyesha kwamba kwa Kiingereza kijineno kimoja kidogo kabla ya "taa", yaani "the" badala ya "a", kinafanya watu wengi zaidi waseme waliiona hata kama haikuwepo. Sisi tunacho chetu, ukisema "uliiona ile" ushamwambia taa ipo. Uliza "uliona taa yoyote iliyovunjika?" kwa wote. Na kama supavaiza atakubali kikundi cha tatu na cha nne, hapo ndipo uweke "uliiona ile", juu sijawahi kuona mtu aliyeipima kwa Kiswahili na ningependa sana kusoma matokeo yako.