Yule jamaa wa kijiweni leo kanivua nguo mchana kweupe

Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Yule jamaa mnamjua, anayeitikia hata salamu isiyo yake. Leo kaniua nikiwa hai.

Nipo kijiweni na picha ya Maserati 5000 GT inayoingia mnadani, nawapa watu darasa. Shah wa Iran alitaka injini ya 450S, gari la mashindano, ndani ya gari la kistaarabu la safari ndefu. Waitaliano wakamtengenezea, 1959. Zilitoka 34 tu dunia nzima! Agnelli wa Fiat alikuwa nayo. Marehemu Aga Khan, huyuhuyu wa hospitali, alikuwa nayo. Watu kimya, kahawa zinapoa.

Yule bwana akaninyang'anya simu, akakuza picha: "Hii si Peugeot 404 ya babu? Tulibebea nazi."

NAZI!

Kijiwe kikalipuka. Mbuzi wa jirani naye kacheka, naapa. Nazungumzia V8 ya lita 5, mtu ananitajia nazi! Na babu yake tunamjua, alikuwa na baiskeli.

Pale sikanyagi tena. Nazi, jamani. Nazi!

Bawaba: Povu limeisha? Weka picha tuone inabeba ngapi.

Spana13: Mkuu, 404 ilichorwa na Pininfarina, wale wachora na wasuka bodi za magari wa Italia. Na 5000 GT ya Agnelli, bodi kaisuka Pininfarina huyohuyo. Jamaa ana jicho.

Mtoa mada: Spana usinichefue. Ya kwenye picha bodi ni ya Allemano, aliyezisuka nyingi kuliko wote!

Mama Kashata: Ikomeni 404. Imebeba Safari Rally mara nne, na mwaka 1966 na 1967 dereva alikuwa Shankland wa hapahapa Tanzania. Hilo la Shah limebeba nini zaidi ya Shah?

Kidege: Afadhali wewe umechekwa tu. Mimi fundi kanifungia shokapu za IST kwenye Noah, kila tuta naona nyota.

Bawaba: Wa chini ya mwembe? Betri yangu kaiweka "chaji" tangu Pasaka!

Spana13: Kumbe tuko wengi. Mimi kanirudishia gari limebaki na bolti nne, anasema zilizidi kiwandani.

Mtoa mada: Wakuu, turudi kwenye mada basi...

Mama Kashata: Kesho saa mbili asubuhi tumfuate huyo fundi. Nani anakuja?

Kidege: Mimi nipo. Ila nakuja kwa miguu.