Povu gumu la mafuta ya nyonyo linasinyaa

Swali: Wakuu, natengeneza povu la poliurethani kwa mafuta ya nyonyo matupu, maji sehemu 2 kwa 100, na MDI (isosayaneti, kemikali inayoungana na mafuta na kuyagandisha). Linaumuka vizuri, kesho yake limenywea na linabonyea. Maji yamezidi?

Jibu: Si maji. Namba ya haidroksili (kipimo cha vikundi vya OH vinavyoungana na MDI) ya nyonyo ni kama 160, povu gumu linataka 400 hivi. Kuta za vitundu zinabaki laini, kabonidioksidi (gesi ya maji na MDI) inatoka haraka kuliko hewa inavyoingia, ndiyo maana linanywea. Changanya gliserini 15 na mafuta 85, utafika karibu 410.

Jibu: Ila gliserini hujitenga na mafuta, koroga hasa, muda huohuo mimina MDI. Ikiwa NCO yake (vikundi vya MDI vinavyoungana na OH) ni asilimia 31, weka gramu 140 kwa 100 za mchanganyiko. Maji yako 2 yameshahesabiwa humo. Gliserini iliyonyonya unyevu itaharibu hesabu.