Tupeane uzoefu: chupa ya mvinyo mwekundu usiyoisahau mezani

Mleta mada: Jana nilisikia kizibo kikichomoka kwenye chupa, nikakumbuka chakula cha usiku kule Hombolo, Dodoma, ambako mwenyeji wetu, mkulima wa zabibu, alitufungulia mvinyo mkavu wa zabibu nyekundu za Makutupora. Aliumimina kwenye jagi la kioo, akauacha utulie kwa nusu saa huku mbuzi akimalizikia kuchomwa. Funda la kwanza lilikuwa na ukakasi ulioshika fizi. Baada ya kula ubavu wenye mafuta, ukakasi ule ulilainika, nikaonja tunda lenyewe. Naombeni nanyi mtusimulie.

Mchangiaji wa 2: Ni kweli kabisa, mkuu. Mafuta ya mbuzi ndiyo yanayoutuliza.

Mchangiaji wa 3: Mada hii imenitonesha. Kaka yangu aliporudi kutoka masomoni Torino aliniletea Barolo, mvinyo wa zabibu za Nebbiolo ambao kwa sheria ya Italia hukomazwa kwa miezi isiyopungua 38, ikiwamo 18 ndani ya mapipa ya mbao. Niliiweka chupa juu ya friji, hapa Dar es Salaam, miaka minne, nikingoja siku ambayo wakwe zangu wangekuja kula kwetu. Siku ilipofika, nyama imekwisha kupakuliwa, ndipo nilipoona kizibo kimesukumwa nje kidogo na michirizi ya kahawia imekauka shingoni mwa chupa. Mvinyo ulitoka na rangi ya chai iliyolala, ukinuka siki. Baba mkwe alionja, akaiweka glasi chini taratibu, akaniuliza kwa upole niliuhifadhi wapi. Nilishindwa kumjibu, kwa maana friji ilikuwa ikinguruma nyuma ya kiti chake.

Mchangiaji wa 2: Pole sana, ndugu yangu. Hapo hata mimi ningekosa la kusema.

Mchangiaji wa 4: Joto ndilo adui. Mvinyo mwekundu hunyweka vizuri kati ya nyuzi 16 na 18, kwa hiyo mleta mada alipaswa kuudai upitishwe kwenye friji dakika 20 kwanza.

Mchangiaji wa 5: Sikubaliani nawe. Baridi huuzidisha ukakasi, na usiku wa Julai Dodoma hauhitaji friji.

Mchangiaji wa 4: Hakutaja Julai, dada. Tusome alichoandika.

Mchangiaji wa 6: Chupa yenye kizibo cha gome ilazwe kwenye kabati la chini, penye giza, ili kizibo kisikauke.

Mchangiaji wa 7: Mimi nasema inyweni wiki hiyo hiyo mliyoipata. Mgeni umpendaye akifika, hiyo ndiyo siku yake.

Mleta mada: Mchangiaji wa 3, uliobaki mliupeleka wapi?

Mchangiaji wa 3: Tuliumwaga. Kaka ameniletea chupa nyingine mwaka huu. Nimeilaza chini ya kitanda, na baba mkwe nimemwalika Jumamosi.