Miaka 41, ZSSF nakatwa. Akiba nyengine niiweke wapi kodi isiile?

Binti_Wete
Assalaam alaykum wanajamvi. Mimi ni muuguzi kwenye kituo binafsi huku Pemba, mwaka wa 14 kazini. Mshahara 1,200,000. Kila mwezi ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, wanakata 84,000, yaani asilimia 7, kisha inakuja kodi ya mshahara, kisha mkopo wa kujengea, ambao namaliza Disemba in shaa Allah. Mkopo ukisha nitabakiwa na 250,000 kila mwezi na nataka ziwe za uzeeni. Mume ana mikarafuu, lakini karafuu mwaka huu inabeba, mwakani inapumzika, hatuwezi kuitegemea. Nikiongeza mchango wa pensheni, kodi ya mshahara itapungua? Kama haipungui, niweke wapi? Riba siitaki, naomba mulizingatie hilo.

Mhasibu_Darajani
Wa alaykum salaam dada. Hizo 84,000 zinatolewa kabla ya kodi kupigwa, kwa hiyo unatozwa kwenye 1,116,000. Na kwa kuwa sehemu ya juu ya mshahara wako imeshaingia kwenye asilimia 30, hapo unaokoa 25,200 kila mwezi bila ya kufanya lolote.

Lakini nafuu hiyo ni ya mchango wa lazima tu, kile kiwango kilichowekwa na sheria. Skimu ya hiari ya ZSSF utaichangia kwa pesa iliyokwishalipiwa kodi. Ni skimu nzuri kwa mtu ambaye pesa ikikaa karibu inamtoka, ila usijiunge ukitarajia kodi ipungue. Maofisini watu wanaambiana vyengine, na inaniuma kwa sababu wanaofuata maneno hayo ni wale wenye kipato kidogo.

Kwa hiyo angalia kodi inayokatwa kwenye faida. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano. Amana ya muda maalumu benki, riba yake inakatwa asilimia 10. Hiyo umeshaikataa mwenyewe. Hatifungani za Serikali za muda mrefu, yaani unaikopesha Serikali, hazikatwi kodi, lakini ni riba vilevile. Inabaki hisa. Kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, linakatwa asilimia 5, isiyoorodheshwa, 10. Chagua kampuni ambayo biashara yake moyo wako unairidhia. Na kuna sukuk, yaani hatifungani ya Kiislamu isiyo na riba, ya Serikali ya Mapinduzi Zanzibar (SMZ), ilizinduliwa 2025. Uliza ikitolewa nyengine, imetengenezwa kwa ajili ya watu wenye sharti kama lako.

Kaka_Paje
Dada, kabla ya hisa na sukuk, nenda ZSSF kaombe taarifa ya michango yako yote tangu siku ya kwanza.

Nilifanya kazi hoteli moja pwani ya mashariki miaka minne. Hati ya mshahara ikionesha nimekatwa kila mwezi. Nilipoomba taarifa, miezi 11 haimo. Kilichoniokoa ni bati la biskuti la mama. Humo nilikuwa natia kila hati, na ingawa wino ulishaanza kupauka, tarakimu zilisomeka. Mwajiri alilipa, lakini baada ya mwaka na zaidi wa kwenda na kurudi. Leo una miaka 41, nguvu za kufuatilia unazo. Ukingoja 59 utafuatilia huku umeshika mkongojo.

Bi_Kiembesamaki
Mwanangu, zile pesa za mwanzo usizifungie popote. Weka kwanza matumizi ya miezi mitatu kwenye akaunti ya Kiislamu, benki ya PBZ wanayo, ili mtoto akiumwa usilazimike kuuza hisa kwa bei ya hasara. Na andika tarehe akiba yako itakapofika nisabu, kile kiwango kinachowajibisha zaka. Mwaka wa Hijiria ukitimia nayo bado ipo, asilimia 2.5 ni haki ya watu.

Binti_Wete
Allah akulipeni kheri nyote. Bi Mkubwa, miezi mitatu nimeikubali, nitaanza Januari. Kaka, leo nimetoka zamu ya usiku nikapitiliza moja kwa moja ZSSF. Michango imo yote, alhamdulillah, lakini fomu aliyoijaza mwajiri wangu wa kwanza ina mwaka wa kuzaliwa 1978, na mimi ni wa 1984. Nimeambiwa nirudi na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha Mzanzibari. Cheti kiko kwa baba Micheweni, Jumamosi nakifuata.